Kesi ya jinai inaanzaje nchini Uganda, na muda wake unahesabiwaje?

Mbuzi wameingia katika shamba la maharage. Maneno yanazidi, fimbo inainuliwa, kijana mmoja anavunjika mkono. Kufikia saa kumi na mbili jioni, siku ya Ijumaa, kijana mwingine yuko ndani ya seli ya polisi. Usiku huo familia mbili hazilali. Moja inauliza, "Je, mtoto wetu atapata haki?" Nyingine inauliza, "Mtoto wetu atatoka lini?" Familia moja ni ya wakimbizi, nyingine ni ya wenyeji. Ipi ni ipi haijalishi, maana sheria inayowahusu ni moja.

Huu ni mfano tu, lakini kila anayeishi katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja ameona jambo linalofanana nao. Makala hii inaeleza hatua kwa hatua jinsi kesi ya jinai inavyoanza nchini Uganda na muda ambao sheria imeweka kwa kila hatua. Ukiijua mapema, hutapoteza haki yako kwa kuchelewa, na hutalipa pesa kwa kitu ambacho sheria inakupa bure.

Jinai ni nini, na nini si jinai?

Kosa la jinai ni kosa ambalo serikali yenyewe inamshtaki mtu kwa niaba ya jamii nzima. Mauaji, ubakaji, wizi, kumpiga na kumjeruhi mtu, kuchoma nyumba na kumtishia mtu maisha ni mifano ya jinai. Mtu akipatikana na hatia anaweza kufungwa au kutozwa faini.

Deni ambalo mtu hajalipa, kutoelewana juu ya mpaka wa shamba, au mkataba wa kodi ya nyumba kwa kawaida ni mambo ya madai. Hayo yana njia yake: viongozi wa kijiji, mahakama ya LC au mahakama ya madai. Kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni. Mtu akikuambia kwamba atakufunga kwa sababu tu hujamlipa, mwombe aeleze ni kosa gani la jinai ulilofanya.

Milango mitatu ya kuanzisha kesi

Sheria ya mahakama za mahakimu nchini Uganda inataja njia tatu ambazo kesi ya jinai inaweza kufunguliwa mahakamani.

Ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi: polisi wanamkamata mshukiwa, kisha wanampeleka mbele ya hakimu pamoja na hati ya mashtaka.

Ya pili: polisi au mwendesha mashtaka wa serikali anapeleka mashtaka kwa hakimu wakati mshukiwa bado yuko huru. Hapo anaomba hakimu atoe hati ya wito, yaani karatasi ya kumwita mshtakiwa, au hati ya kumkamata.

Ya tatu haijulikani na wengi: mtu wa kawaida anaweza kwenda mwenyewe kwa hakimu na kutoa malalamiko yake, ikiwa ana sababu za kweli za kuamini kwamba kosa limetendeka. Malalamiko hayo yanaweza kuandikwa na kutiwa sahihi, au kusemwa kwa mdomo na hakimu akayaandika. Kabla ya kumwita mtu yeyote, hakimu hushauriana na kiongozi wa eneo na kuangalia kama kuna ushahidi wa kutosha wa kuanzia. Mlango huu upo, lakini una kazi nzito. Mlalamikaji hubeba mzigo ambao polisi wangeubeba, na Mkurugenzi wa Mashtaka wa Serikali, anayejulikana kwa kifupi kama DPP, anaweza kuichukua kesi hiyo aiendeleze mwenyewe. Ukifikiria kupita hapo, tafuta kwanza ushauri wa mwanasheria.

Kwa watu wengi, basi, njia inaanzia polisi.

Siku ya kwanza: kuripoti

Ukifika kwenye kituo cha polisi, eleza kilichotokea: nini, wapi, lini, nani alikuwepo. Afisa ataandika ripoti yako katika daftari la kituo na kuipa nambari. Hiyo ndiyo nambari ya SD. Iombe, iandike kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na vitambulisho vyako. Faili ya uchunguzi wa jinai ikifunguliwa, hupewa nambari nyingine, ya CRB. Bila nambari hizi ni vigumu kufuatilia jambo lako, hasa afisa uliyezungumza naye akihamishwa.

Baadaye utaandika maelezo, au afisa atakuandikia. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi ambayo haujasomewa katika lugha unayoielewa. Ukisikia kosa, sema lirekebishwe kabla ya sahihi.

Kama mtu ameumizwa, polisi watatoa fomu ya PF3, na kwa aliyefanyiwa ukatili wa kingono fomu ya PF3A. Mhudumu wa afya anaijaza baada ya kumpima. Usiidharau karatasi hii. Katika mfano wetu wa mkono uliovunjika, maelezo ya daktari juu ya uzito wa jeraha ndiyo yatakayosaidia kuamua kama kosa litaitwa shambulio la kawaida au kuumiza vibaya, na tofauti ya adhabu kati ya hayo mawili ni miaka mingi. Ukikaa nyumbani wiki tatu mpaka uvimbe upungue, daktari ataandika anachokiona siku hiyo.

Fomu hizi hazilipiwi. Kuripoti hakulipiwi. Kufungua faili hakulipiwi.

Viongozi wa kijiji wana kazi gani?

Katika makazi, wengi huanza kwa mwenyekiti wa RWC, yaani baraza la ustawi wa wakimbizi. Wenyeji huanza kwa LC1. Hakuna ubaya. Viongozi hawa wanajua watu, wanaweza kutuliza hasira kabla haijawa moto, na wanaweza kukusindikiza hadi polisi.

Lakini kumwambia mwenyekiti si kufungua kesi. Hata kama ameandika barua na kugonga muhuri, kesi ya jinai haijaanza mpaka polisi waandike ripoti.

Kwa makosa madogo ya kibinafsi, kama ugomvi usiokuwa na majeraha makubwa, sheria inaruhusu upatanisho, na hata hakimu mwenyewe anaweza kuwahimiza wahusika wapatane na kulipana fidia. Kwa makosa mazito mlango huo umefungwa. Mauaji, ubakaji, wizi wa kutumia silaha na kufanya ngono na mtoto aliye chini ya miaka 18 haviwezi kumalizwa chini ya mti, hata wazee wote wakikubaliana. Kupokea mbuzi, pesa au ahadi ya ndoa ili kuficha kosa zito au kuzuia mashtaka yake ni kosa jingine, na mzazi aliyepokea anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe.

Tunalisema hili bila kuwalaumu wazazi. Mara nyingi wanaopokea ni watu wenye njaa, wanaoogopa aibu, au ambao wameambiwa kwamba mahakama iko mbali na haitafika popote. Lakini binti ndiye anayebaki bila haki, na aliyemuumiza anabaki kijijini pamoja naye.

Je, kuna muda wa mwisho wa kuripoti?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi. Kwa makosa mazito, sheria ya Uganda haina muda wa mwisho. Mtu aliyeua au kubaka anaweza kushtakiwa baada ya mwaka mmoja, miaka mitano au miaka ishirini. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba "umechelewa, kesi imekufa."

Sheria haizeeki, lakini ushahidi unazeeka. Shahidi anahama au anahamishiwa nchi ya tatu. Nguo zinafuliwa. Kovu linapona. Kumbukumbu zinachanganyika, na wakili wa upande wa pili atauliza kwa nini ulinyamaza.

Kwa aliyefanyiwa ukatili wa kingono, kuna muda mwingine ambao si wa mahakama bali wa mwili. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyosaidia zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120, yaani siku tano. Kwa hiyo nenda kwenye kituo cha afya kwanza ikiwa polisi wako mbali. Usikae nyumbani ukisubiri karatasi. Ikiwezekana, usioge kabla ya kupimwa, na nguo ulizovaa zihifadhi bila kuzifua, ndani ya mfuko wa karatasi na si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi.

Kama muda huo umepita, nenda hata hivyo. Matibabu na ushauri bado vipo, na kesi bado inaweza kufunguliwa.

Saa 48: muda wa aliyekamatwa

Sasa turudi kwa familia ya pili, ile ambayo kijana wao yuko seli.

Kifungu cha 23 cha Katiba ya Uganda kinasema kwamba mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa, kama hajaachiliwa mapema, afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote isizidi saa 48 tangu alipokamatwa. Katiba inahesabu kutoka wakati wa kukamatwa. Haihesabu kutoka wakati jina lilipoandikwa kituoni, wala kutoka siku uchunguzi ulipokamilika.

Kijana wetu alikamatwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Saa 48 zinaisha Jumapili saa kumi na mbili jioni. "Lakini Jumapili mahakama imefungwa," utasikia. Ni kweli, na ndiyo sababu watu wengi wanaokamatwa Ijumaa hulala seli hadi Jumatatu au zaidi. Hata hivyo, Katiba ya Uganda haikutoa ruhusa maalum kwa mwisho wa wiki. Katiba ya Kenya, kwa mfano, inaweka saa 24 na kueleza wazi kwamba zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, mtu apelekwe siku ya mahakama inayofuata. Katiba ya Uganda haina maneno hayo. Polisi wasipoweza kumfikisha mahakamani ndani ya muda, wana njia ya kisheria: kumwachilia kwa dhamana ya polisi.

Waliotoka Kongo wataona kwamba kipimo hiki si kigeni. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo imeweka saa 48 kwa mtu anayeshikiliwa kabla ya kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Waliozoea OPJ na parke watakuta majina mengine hapa, lakini hesabu ni ileile.

Kumbuka pia kwamba raia au walinzi wa kijiji wakimkamata mtu anayefanya kosa, wanapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumfungia mtu ndani ya ghala usiku kucha, au kumpiga "ili aseme ukweli", ni kosa. Wale waliotaka haki wanaweza kujikuta wao ndio washtakiwa.

Katika saa hizo 48 mtu aliyekamatwa ana haki hizi:

- kuambiwa mara moja, katika lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kupata wakili anayemchagua;
- ndugu yake wa karibu ajulishwe haraka akiomba hivyo;
- ndugu, wakili na daktari wake waruhusiwe kumfikia;
- kutibiwa akiwa mgonjwa au ameumia;
- kushikiliwa mahali palipoidhinishwa na sheria, si katika nyumba ya mtu.

Hapaswi kupigwa wala kulazimishwa kukiri. Kukiri kosa mbele ya polisi yeyote tu hakutoshi mahakamani. Sheria inataka kufanyike mbele ya afisa mwenye cheo cha inspekta msaidizi au zaidi, au mbele ya hakimu.

Familia ifanye nini? Andikeni siku na saa aliyokamatwa, jina la kituo na nambari ya faili. Nendeni kituoni kwa utulivu na muulize: ameshtakiwa kwa kosa gani, na atapelekwa mahakama gani, lini? Saa 48 zikipita, ombeni kuonana na mkuu wa kituo. Msipopata jibu, wasilianeni na mashirika ya msaada wa kisheria. Mahakama Kuu inaweza kuamuru mtu aletwe mbele yake na wanaomshikilia waeleze kwa sheria gani. Mtu aliyeshikiliwa kinyume cha sheria pia ana haki ya fidia.

Dhamana ya polisi ni bure

Dhamana ya polisi, ambayo wengi huiita bondi, ni ahadi ya kurudi kituoni siku itakayopangwa. Hailipiwi. Kinachohitajika kwa kawaida ni wadhamini wanaofahamika na wenye makazi yanayojulikana. Kwa mkimbizi, kitambulisho cha mkimbizi, karatasi ya familia na barua ya mwenyekiti wa RWC husaidia kuonyesha kwamba anajulikana anapoishi. Kwa mwenyeji, kitambulisho cha taifa na barua ya LC1.

Dhamana haimaanishi kwamba kesi imekwisha. Hili huwaumiza sana waathiriwa: wanamwona aliyewapiga akitembea sokoni, wanadhani polisi wamehongwa, na wengine wanaanza kufikiria kisasi. Kwa sheria, mtu huhesabiwa hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo, au mpaka yeye mwenyewe akiri mahakamani. Kama aliye nje kwa dhamana anakutishia au anawaendea mashahidi, ripoti jambo hilo polisi mara moja. Kuvunja masharti kunaweza kumrudisha ndani.

Kwa upande wa pili, asiyerudi kituoni siku aliyopangiwa anajiharibia mwenyewe na kuwaingiza wadhamini wake matatani.

Nani anaamua kama kesi iende mahakamani?

Polisi huchunguza. Faili hupelekwa kwa wakili wa serikali katika ofisi ya DPP, ambaye huisoma na kuamua: kuna ushahidi wa kutosha wa kushtaki, uchunguzi uendelee, au faili ifungwe. Kifungu cha 120 cha Katiba kinampa DPP mamlaka ya kuanzisha mashtaka, kuchukua kesi iliyoanzishwa na mtu mwingine, na kusimamisha kesi.

Hii inajibu swali jingine la mara kwa mara: "Nikisamehe, kesi inaisha?" Kwa kosa zito, hapana. Wewe ni mlalamikaji na shahidi, lakini kesi ni ya serikali. Unaweza kueleza msimamo wako kwa wakili wa serikali. Uamuzi si wako peke yako, na wala si wa familia iliyokushawishi.

Kinachoua kesi nyingi ni mashahidi kutofika. Ukiitwa, nenda. Ukihama kijiji au kubadilisha nambari ya simu, mjulishe afisa anayeshughulikia faili yako. Kama umbali ndio tatizo, sema mapema kwa shirika la msaada wa kisheria. Katika makazi ya Nakivale, kwa mfano, utaratibu wa mahakama inayotembea ulianzishwa mwaka 2013 ili hakimu awafikie watu badala ya watu wote kusafiri hadi mahakamani.

Rumande: siku 60 na siku 180

Mtu akifikishwa mahakamani anaweza kuomba dhamana ya mahakama siku hiyohiyo au siku nyingine yoyote. Hakimu ana hiari ya kukubali au kukataa. Akikataa, mshtakiwa anapelekwa rumande. Hapo Katiba imeweka mipaka miwili:

- Siku 60. Kwa kosa linaloweza kusikilizwa na mahakama za chini na pia Mahakama Kuu, mshtakiwa akikaa rumande siku 60 kabla kesi haijaanza kusikilizwa, mahakama lazima imwachilie kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Kesi ya mkono uliovunjika ingeangukia hapa.
- Siku 180. Kwa kosa linaloweza kusikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, kama mauaji au ubakaji, mshtakiwa akikaa rumande siku 180 kabla faili yake haijapelekwa rasmi Mahakama Kuu, lazima naye aachiliwe kwa dhamana.

Zamani siku hizi zilikuwa 120 na 360. Zilipunguzwa na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Wako bado wanaotaja hesabu ya zamani, kwa hiyo ijue mpya.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, katika kesi za Mahakama Kuu, hakimu wa chini humsomea mshtakiwa mashtaka lakini hamruhusu kujibu. Familia nyingi hutoka nje zikisema "mtoto wetu amenyimwa kusema." Hakunyimwa. Hakimu huyo hana mamlaka ya kupokea jibu lake, na atajibu mbele ya jaji. Pili, faili ikishapelekwa rasmi Mahakama Kuu kabla ya siku 180 kutimia, haki hii ya kuachiliwa kwa lazima haipo tena. Bado anaweza kuomba dhamana, lakini ni kwa hiari ya mahakama.

Dhamana hizi za lazima hazijileti zenyewe. Hesabuni siku, na siku ikifika mshtakiwa au wakili wake aikumbushe mahakama.

Watoto

Mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai nchini Uganda. Kuanzia miaka 12 hadi kabla ya kutimiza 18, kipimo ni kifupi zaidi: asipopewa dhamana ya polisi, hapaswi kushikiliwa na polisi zaidi ya saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani. Mzazi au mlezi ajulishwe, na mtoto asifungiwe pamoja na watu wazima. Pelekeni kituoni karatasi yoyote inayoonyesha umri wake: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, au karatasi ya familia ya usajili. Wengi wamelala na watu wazima kwa sababu tu umri wao haukuthibitishwa.

Lugha na wakili

Mahakama za Uganda hufanya kazi kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa mujibu wa Katiba, lakini usidhani kesi itaendeshwa kwa Kiswahili. Usipoelewa, sema. Kifungu cha 28 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe au Kiswahili, taja lugha yako mwanzoni. Kukaa kimya na kutikisa kichwa kunaweza kuchukuliwa kuwa umeelewa.

Kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifo au kifungo cha maisha, serikali inapaswa kumpa mshtakiwa wakili kwa gharama yake. Kwa makosa mengine, mashirika ya msaada wa kisheria yanaweza kusaidia. Kuwa mkimbizi hakukupunguzii haki hizi. Mkataba wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi unampa mkimbizi nafasi ya kufika mahakamani bila kizuizi, na Uganda imeukubali.

Siku 14 baada ya hukumu

Asiyeridhika na hukumu ya jinai ana siku 14 tangu siku ya hukumu kutoa taarifa ya kukata rufaa. Aliye gerezani anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza, naye ataipeleka mahakamani. Hapa wengi huteleza: wanatumia mwezi mzima kutafuta pesa za wakili, na siku zimepita. Taarifa ya rufaa ni fupi. Itoe kwanza, wakili atafutwe baadaye.

Mtu akifungwa, muda aliokaa rumande kihalali lazima uzingatiwe wakati wa kupanga kifungo chake.

Kwa kifupi

- Mwenyekiti anasaidia, lakini kesi inaanzia polisi. Dai nambari ya SD.
- Makosa mazito hayana muda wa mwisho wa kuripotiwa, ila ushahidi hauwasubiri wenye kuchelewa.
- Saa 72: dawa za kuzuia VVU. Saa 120: dawa za dharura za kuzuia mimba.
- Saa 48: mtu mzima aliyekamatwa afikishwe mahakamani. Saa 24: mtoto.
- Siku 60 na siku 180: mipaka ya rumande.
- Siku 14: taarifa ya rufaa.
- Kuripoti, fomu ya PF3 na dhamana ya polisi ni bure.

Pa kuomba msaada

Katika dharura piga polisi kwa 999 au 112. Kwa jambo linalomhusu mtoto piga 116. Wakimbizi wanaweza kupiga simu ya bure ya maoni na malalamiko, 0800 323 232. Unaweza pia kufika kwenye dawati la ulinzi, ofisi ya OPM katika makazi yako, au mashirika yanayotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi na wenyeji. Afisa akikuomba pesa kwa huduma ya bure, andika siku, saa na mahali, kisha uripoti.

Makala hii ni ya kukuelimisha na haichukui nafasi ya wakili. Kila kesi ina mambo yake, kwa hiyo nenda na karatasi zako kwa mwanasheria akuongoze. Na kama una jirani asiyejua kusoma, msomee, hasa ile sehemu ya saa 48. Siku ya ugomvi wa shambani, yeye pia atahitaji kujua kuhesabu.